Musi wa Quebec kwa dola elfu tatu: anza kupanga kutoka pale mnyama atakapolala

Baba Neema wa Lewiston, Maine, ameniuliza hivi kuhusu musi (moose), mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu:

"Mwalimu, huu ni mwaka wa saba naomba kibali cha musi kwenye bahati nasibu ya hapa Maine na jina langu halijatoka hata mara moja. Mimi nimeshapata uraia, shemeji yangu bado ana kadi ya kijani. Tuna akiba ya dola 3,000 kwa sisi wawili. Tulimpigia simu mwenye kambi moja ya uwindaji ya Kanada, akatutajia zaidi ya 6,000 kwa kila mtu. Kulungu tumeshawinda misimu mitano na kuchuna tunajua. Je, kuna njia ya kuvuka mpaka tukawinde musi kihalali kwa fedha hiyo, au tuendelee kungoja bahati nasibu?"

Baba Neema, endeleeni kuomba bahati nasibu, lakini msingoje. Kwa dola 3,000, watu wawili wanaoaminiana, wenye gari linalohimili barabara za changarawe na wanaojua kushika kisu, mnaweza kuwinda musi Quebec Oktoba ijayo. Nimesema Quebec kwa makusudi, na nimesema watu wawili kwa makusudi. Nitayaeleza yote mawili. Ila jambo moja nakuomba ulibebe tangu sasa. Wengi wanaoharibikiwa na safari hii hawaangushwi na bei ya leseni. Wanaangushwa na mnyama mwenyewe akishalala chini. Anza kupanga kutoka pale atakapolala hadi kwenye friza yako, halafu rudi nyuma kuelekea mpakani. Ukipanga hivyo, hesabu itakubali.

Kwa nini Quebec? Kwa sababu majimbo mengine ya mashariki ya Kanada yanamfunga mgeni kwa namna moja au nyingine. Newfoundland ina musi wengi ajabu, na wote ni uzao wa wachache walioletwa na watu: wanne walitoka New Brunswick wakaachiwa Howley mwaka 1904, leo wako zaidi ya laki moja. Lakini huko mgeni hapati leseni kwa bahati nasibu, analazimika kuinunua kupitia mwenye kambi aliyesajiliwa, na hapo ndipo zinapotoka zile bei ulizotajiwa. New Brunswick mko nayo mlangoni, ila wageni wanachezeshwa bahati nasibu ya vibali mia moja tu kwa jimbo zima, na ukishinda bado lazima uwe na mwongozaji. Ontario inataka mgeni apitie kwa mwenye kambi, au awinde pamoja na ndugu wa karibu anayeishi huko. Kama una kaka au dada Ottawa au Toronto ambaye ni mwindaji, hiyo ni habari nyingine, niandikie tena tuizungumze.

Quebec, kusini mwa latitudo ya 52, mgeni anaruhusiwa kununua leseni dukani na kuingia porini bila mwongozaji. Kaskazini ya mstari huo ndipo anapolazimika kupitia kambi. Na kusini ya mstari kuna eneo kubwa kuliko mtakavyoweza kulitembea maisha yenu yote.

Tena kuna zec. Mwaka 1978 serikali ya Quebec ilivunja vilabu binafsi vya matajiri vilivyokuwa vimehodhi misitu na mito, ikaunda maeneo ya uwindaji yanayoendeshwa na vyama vya wananchi wenyewe. Yako zaidi ya sitini. Aliyezoea vitalu vya uwindaji vya Tanzania afikirie kitalu ambacho hakikuuzwa kwa kampuni: mwananchi wa kawaida anajiandikisha getini, analipa ada ya siku au ya msimu, anaingia. Mgeni naye anakaribishwa, ingawa ada yake inaweza kuwa juu kidogo. Kwa mtu wa Lewiston ningeangalia pande mbili. Upande wa karibu ni zec Louise-Gosford, jirani na Lac-Mégantic, ambayo imepakana na Maine yenyewe. Upande wa mbali, ambao mimi naupenda zaidi, ni Bas-Saint-Laurent: kuna zec Owen karibu na Dégelis, zec Chapais upande wa Kamouraska, na zec Bas-Saint-Laurent kusini ya Rimouski. Eneo hilo na jirani yake Gaspésie ndiyo yenye musi wengi zaidi katika jimbo. Kutoka kwenu hadi Madawaska ni kama saa sita za kuendesha gari, mnavuka daraja la Edmundston, mnapanda kuelekea Témiscouata.

Hapa mna mtaji ambao wawindaji wengi wa Maine hawana: Kifaransa. Kama mmekulia Uvira, Bukavu au Lubumbashi, mnakizungumza vizuri kuliko mnavyodhani, hata kama lafudhi ya Quebec itawachanganya siku mbili za mwanzo. Msiongee Kiingereza getini. Nakumbuka mama mmoja mtu mzima kwenye kibanda cha mapokezi cha zec, miwani imening'inia kifuani. Nilipoingia na Kiingereza changu alinipa karatasi na risiti, basi. Mwenzangu wa Bukavu alipomsalimia kwa Kifaransa na kumuuliza habari za orignal, kama wanavyomwita musi kule, mama akavaa miwani, akavuta ramani ukutani na kalamu ya wino mwekundu. Alituchorea maeneo matatu yaliyokatwa miti miaka kama minane iliyopita, akatuambia lipi limefungwa na daraja lililobebwa na maji, na lipi wawindaji hulipita mbio kwa sababu barabara inaonekana imekufa. Ile dakika kumi ilikuwa na thamani kuliko siku tatu za kuzunguka na gari.

Alijua anachokisema. Musi hali nyasi. Anakula matawi machanga, na machipukizi yanakuwa mengi pale msitu ulipokatwa ukaanza kurudi, kati ya miaka mitano na kumi na mitano. Mnapotazama picha za setilaiti nyumbani, tafuteni hayo: sehemu zilizokatwa zenye umri huo, kinamasi au ziwa dogo karibu, na barabara ya kupitia. Neno la mwisho ndilo muhimu. Nitalirudia.

Sasa karatasi. Hapa naomba msome taratibu, maana kosa la porini linagharimu nyama, kosa la mpakani linaweza kugharimu makazi ya mtu.

Wewe raia, pasi yako ya Marekani inatosha. Shemeji mwenye kadi ya kijani hahitaji viza ya Kanada wala kibali cha kielektroniki cha usafiri, lakini lazima awe na kadi ya kijani iliyo hai pamoja na pasi halali ya nchi yake. Kama alikuja kama mkimbizi na hana pasi ya nyumbani, hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotolewa na Marekani ndiyo inayoshika nafasi hiyo. Hati hiyo inadumu mwaka mmoja tu na kuipata kunachukua miezi, kwa hiyo fomu ya kuiomba, I-131, iende mapema. Kama kesi yake yoyote ya mahakama au ya uhamiaji haijafungwa, amuone wakili wa uhamiaji kabla hajalipia chochote. Na kwa wasomaji wengine watakaopita hapa: aliyeomba hifadhi na bado anangoja majibu asiende safari hii kabisa. Kutoka nje ya Marekani bila ruhusa ya awali kunahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Hakuna musi wa thamani hiyo.

Kuna swali unalopaswa kumuuliza shemeji faraghani, na yeye akuulize wewe: kuna yeyote aliyewahi kuhukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa? Tangu Desemba 2018 Kanada inalihesabu hilo kuwa kosa zito, na mtu anaweza kurudishwa getini hata kama Marekani kesi ilishasahaulika. Ni afadhali aibu ya dakika tano mezani kwako. La pili ni bangi. Ni halali Maine, ni halali Quebec, na kuivusha mpaka ni kosa pande zote mbili. Kwa mwenye kadi ya kijani ni kosa la kumharibia maisha. Pekueni gari, mifuko ya makoti ya zamani, hata kiboksi cha mbele, kabla ya kuondoka.

Bunduki ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, yenye mtutu mrefu na ya kukoki kwa mkono, inaingia Kanada kwa fomu ya tamko la silaha la asiye mkazi, namba RCMP 5589. Mnaijaza nyumbani bila kuisaini. Saini inawekwa mbele ya afisa wa forodha. Mnalipa dola 25 za Kanada, naye akishaithibitisha inakuwa leseni yenu kwa siku 60. Lazima mwenye nayo awe ametimiza miaka 18. Risasi mia mbili za kuwindia zinapita bila ushuru, na mtatumia chini ya kumi. Bastola zibaki Lewiston, hazipiti. Bunduki zinazojikoki zenyewe zenye sura ya kijeshi nazo ziachwe: tangu Mei 2020 Kanada imepiga marufuku aina zaidi ya elfu moja, na orodha imekuwa ikiongezeka. Kabla ya kuondoka, pitieni ofisi ya forodha ya Marekani mkaoneshe bunduki na kugongewa fomu 4457, ili wakati wa kurudi pasiwe na swali zilitoka wapi.

Ushauri wangu wa kupunguza mzigo: bunduki ibebe wewe raia peke yako. Shemeji anunue leseni, avae nguo ya rangi ya chungwa, awe macho na masikio yenu. Nitaeleza kwa nini hilo halipunguzi nafasi yenu ya kupata mnyama.

Quebec ina kanuni inayowashangaza wageni: katika kanda nyingi, musi mmoja anahitaji leseni mbili. Watu wawili waliokuwa kwenye msafara huo wanambandika tagi za leseni zao wote, na hapo wamemaliza musi wao wa mwaka. Ndiyo maana nimesema watu wawili. Mtu akienda peke yake ana nusu ya musi, na porini hakuna nusu. Mkiwa wawili mnawinda mnyama mmoja, bunduki moja inatosha, na mwenzako anayekaa na darubini mita mia kutoka ulipo ana kazi kubwa kama yako. Angalieni pia jedwali la kanda yenu kwa mwaka huo. Katika kanda nyingi jike anaruhusiwa mwaka huu na mwaka unaofuata hapana, na dume anahesabiwa dume akiwa na pembe za sentimita kumi au zaidi. Msimu wa bunduki kusini ya jimbo ni mfupi, kama siku tisa hivi za katikati ya Oktoba, na tarehe zinatofautiana kwa kanda.

Fedha zenyewe nazigawa hivi, kwa dola za Marekani, nikiweka nafasi ya bei kupanda. Leseni mbili, tengeni 850. Ada za zec kwa watu wawili, 300. Mafuta ya gari, pamoja na kuzunguka ndani ya msitu, 300. Malazi 400 kama mtachukua kibanda cha mbao kisicho na umeme; hema ni nafuu zaidi, lakini siku saba za Oktoba yenye mvua ndani ya hema zinamnyima mtu usingizi, na mwindaji asiyelala anapiga vibaya. Chakula 150, maana mtapika wenyewe. Barafu, mifuko ya nyama, kamba na vifaa vidogo, 300. Jumla ni 2,300. Zile 700 zinazobaki zisiguswe. Ni za tairi, ni za siku mbili za ziada, ni za mtu wa kijijini mwenye trekta au pikipiki ya magurudumu manne atakayewavutia mnyama pale mtakaposhindwa. Mkirudi nazo nyumbani, ni mwanzo wa akiba ya mwaka ujao.

Nikuambie sasa kwa nini nashikilia hizo 700.

Oktoba yangu ya kwanza Quebec, dume lilitoka kwenye kingo za kinamasi saa kumi na moja na robo jioni. Mimi na yule mwenzangu tulikuwa tumetembea mita 1,400 kutoka barabarani kwa sababu nyayo zilikuwa nzuri. Nilipiga mara moja, nyuma ya bega. Halikuonesha dalili yoyote. Lilisimama likanitazama, likapiga hatua sita polepole kama mzee anayetafuta kiti, likaingia kwenye maji ya magotini na kulala humo. Furaha ilidumu dakika moja. Tulipolifikia niliweka mkono ubavuni na ndipo nilipoelewa ukubwa wake: mwili wa pofu, miguu mirefu kupita ya pofu, na nusu ya chini iko ndani ya matope. Watu wawili hatukuweza hata kuligeuza. Jua lilikuwa linazama, na siku hiyo joto lilifika nyuzi 15.

Ngozi ya musi ni nene na nywele zake zina uwazi ndani, zimeumbwa zihifadhi joto la mwili kwenye baridi kali. Akishakufa, ngozi hiyo hiyo inapika nyama. Tumbo nalo limejaa majani yanayoendelea kuchacha. Tulipasua kwa taa za kichwani, tukatoa matumbo nusu majini, tukafika usiku wa manane tumechoka na mapaja bado yako kwenye ngozi. Tukasema tutamaliza asubuhi. Asubuhi, nilipofungua kiungo cha nyonga cha paja lililolalia matope, harufu ilinipiga usoni kabla kisu hakijafika mwisho. Nyama ya nje ilikuwa nyekundu safi. Kuzunguka mfupa ilikuwa ya kijani na tamu-chachu. Paja zima, kilo zaidi ya hamsini, tulilitupa. Nimewinda miaka mingi tangu hapo na bado naliona lile paja.

Halafu kubeba. Robo nne, shingo na mbavu ni safari tano, kila moja mita 1,400 kwenda na kurudi: kilomita 14 kwa kila mtu, nusu yake ukiwa umebeba, kwenye matope. Sasa chukua mnyama yule yule umpige mita 400 kutoka barabarani. Ni kilomita nne. Ni tofauti kati ya nyama iliyopoa kabla ya usiku na paja lililotupwa.

Kwa hiyo wekeeni ahadi kabla hamjatoka nyumbani, na aliye na bunduki aiheshimu hata moyo ukimwenda mbio: hapigwi musi aliye zaidi ya mita 500 kutoka gari linapoweza kufika. Hapigwi aliye majini wala aliye hatua mbili kutoka majini, na jioni hapigwi kwenye dakika za mwisho za mwanga kama hamjui mtamtoaje. Sheria inawapa hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Mimi najiwekea nusu saa kabla.

Akilala mahali pazuri, ngojeni dakika thelathini kabla ya kumkaribia, kwa sababu musi aliyepigwa mapafu akiachwa atalala karibu, akifukuzwa atakwenda kufia kinamasini. Mfikieni kutoka nyuma, mguseni jicho kwa ncha ya fimbo. Tagi zibandikwe mara moja. Kisha matumbo yatoke ndani ya saa ya kwanza, ngozi ivuliwe, na kila paja lifunguliwe kwenye nyonga ili hewa iingie mpaka kwenye mfupa. Kapi mbili na mita thelathini za kamba nzuri zinawapa nguvu ya watu sita. Mapaja na mikono iingie kwenye mifuko ya pamba, siyo ya plastiki, na itundikwe kivulini. Plastiki inafungia joto na unyevu, nyama inaoza huku unaitazama. Na nunueni ile sleji ndefu ya plastiki ya wavuvi wa barafuni, bila shaka mmeiona madukani kwenu. Robo ya musi inateleza nayo juu ya majani makavu kwa nguvu za watu wawili bila kuvunja mgongo wa mtu.

Usitoe mifupa bado. Quebec inataka mnyama asajiliwe ndani ya saa 48 baada ya kutoka eneo la uwindaji, na mimi huwa namsajili akiwa robo nzima nzima ili pasiwe na mjadala. Baada ya hapo ndipo meza, turubai na visu vitoke, na mifupa yote ibaki Quebec. Hili ni sharti la Maine: kwa sababu ya ule ugonjwa wa ubongo wa jamii ya kulungu, ambao mwaka 2018 ulionekana kwenye shamba moja la kulungu huko Quebec, hairuhusiwi kuingiza mzoga kutoka nje. Kinachopita ni steki tupu, pembe, kipande cha juu cha fuvu kilichosafishwa pasiwe na chembe ya ubongo, na ngozi isiyo na kichwa. Mpakani tangazeni nyama yote bila kuulizwa mara ya pili, leseni na karatasi ya usajili zikiwa mkononi. Sanduku la nyama lisizikwe chini ya mizigo; liwe la kwanza kufunguka.

Dume la kawaida litawapa karibu kilo 180 za steki. Zigawanye mara mbili, kila nyumba inahitaji friza yenye nafasi kama ya futi sita za ujazo, tupu, kabla hamjaondoka. Wengine hukumbuka friza wakiwa njiani kurudi. Kata na kufunga wenyewe. Bucha anatoza kwa kila ratili na ratili ni nyingi. Nyama ya kuzunguka tundu la risasi ikatwe kwa ukarimu, upana wa kiganja, itupwe, kwa sababu ya vipande vidogo vya risasi visivyoonekana kwa macho.

Na maini, Baba Neema. Najua kwetu maini na figo ni vya siku ya kwanza, vya mwenye mkono uliolenga. Musi wa huku hujaza kadimiamu, madini ya sumu, kwenye maini na figo, na mamlaka za Quebec na za Maine zote zinashauri zisiliwe. Msiwape watoto hata kidogo. Moyo na ulimi ni salama, na ulimi uliochemshwa saa tatu ukachunwa ngozi, ukatiwa kitunguu, nyanya na pilipili, hamtalia maini.

Kuhusu bunduki yenyewe, hamhitaji mpya. Ile .30-06, .308 au .270 mnayowindia kulungu inatosha kabisa kwa risasi imara za musi. Hata .30-30 inatosha mkijizuia kupiga zaidi ya mita themanini. Dola mtakazookoa nunueni boksi mbili za risasi hizo hizo mtakazowindia, mkafanye mazoezi majira ya joto mkiwa mmekaa chini, mmepiga magoti, mmeegemea mti. Quebec inadai nguo ya chungwa kali ya kuonekana kifuani na mgongoni, sentimita za mraba 2,580. Fulana pana inatimiza hilo. Bunduki iwe tupu kila wakati ndani ya gari, na risasi isipigwe barabarani.

Mtasikia sana habari za kumwita musi kwa pembe iliyokunjwa kutoka ganda la ule mti mweupe unaobanduka kama karatasi. Inafanya kazi. Lakini kilele cha kupandana ni mwisho wa Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Msimu wenu utakapofunguka madume mengi yatakuwa yamechoka na yamerudi kula. Iteni mara chache, asubuhi na jioni, kwa sauti ya chini, kisha nyamazeni dakika arobaini. Wageni wengi huita kila dakika tano na kufukuza kila kitu hadi bonde la pili. Mimi ningeweka imani zaidi kwenye yale maeneo ya machipukizi, asubuhi yenye baridi, upepo ukivuma usoni, shemeji na darubini akihesabu kila kichaka cheusi mpaka kimojawapo kitikise sikio.

Mnaweza kurudi mikono mitupu. Imenitokea zaidi ya mara moja, na siku tisa ni chache. Ndiyo maana ningewaomba mwende mara moja kabla: wikiendi moja ya Agosti, bila bunduki, na fimbo za uvuvi tu. Lipieni ada ya siku getini, ongeeni Kifaransa chenu, pimeni barabara zipi zinapitika na gari lenu, tafuteni mabomba ya maji yaliyoziba na madaraja yaliyokufa, wekeni alama kwenye ramani sehemu nne zilizo ndani ya mita 500 kutoka barabarani zenye kinyesi na matawi yaliyotafunwa kwenye usawa wa kifua cha mtu. Malori ya magogo yana haki ya njia. Mkiona vumbi lao, kaeni pembeni msimame. Simu hazishiki sehemu nyingi za ndani, basi pakueni ramani mkiwa mjini na muachie mtu Lewiston jina la zec na tarehe ya kurudi.

Kwa sasa kazi ni mbili tu. Shemeji aangalie leo usiku tarehe ya kuisha kwa kadi yake na hati yake ya kusafiria, na kama moja haifiki Novemba, fomu iende wiki hii. Wewe piga simu zec mbili kati ya nilizotaja, uulize kwa Kifaransa ada ya asiye mkazi kwa musi na kama vibanda vya wiki ya kwanza ya msimu bado vipo, maana ndivyo vinavyokwisha kabla ya kila kitu.